Maswali ya Wasomaji: Kamera, Upepo wa Kusi na Mzee wa Mumbai

Toleo lililopita tulitaja kazi ya Anand Patwardhan, mtengenezaji wa filamu za hali halisi kutoka Mumbai, India. Barua zimekuja nyingi, karibu zote za Lamu na Malindi. Tumejibu sita, zile zilizouliza bei ya kamera tumeziweka kando, maana kabla gazeti halijatoka kiwandani bei zimeshabadilika.

Mhariri, mlisema Patwardhan amefanya kazi karibu miaka hamsini bila studio wala matangazo ya biashara. Sasa alikula nini? Ninauliza kwa sababu baba yangu ananiuliza mimi.
*Mwanafunzi, Malindi*

Baba yako ameuliza swali ambalo wengi hulikumbuka wakishakopa.

Patwardhan alizaliwa Bombay, ndiyo Mumbai ya leo, mwaka 1950. Hakupitia chuo cha filamu. Alisoma fasihi ya Kiingereza kwao, akasoma sosholojia Chuo Kikuu cha Brandeis huko Marekani, akarudi na kufanya kazi kijijini katika jimbo la Madhya Pradesh katika mradi wa elimu na kilimo. Mwaka 1974 alikwenda jimbo la Bihar, ambako watu walikuwa wameingia barabarani kupinga ufisadi nyuma ya Jayaprakash Narayan, mwanasiasa mkongwe wa India. Kamera aliyoipata ilikuwa ya kuazima, tena Super 8, aina ambayo watu waliitumia kupiga picha za watoto na sherehe za nyumbani. Kaseti moja ya Super 8 ina futi 50 za mkanda. Kwa fremu 18 kwa sekunde inakwisha dakika ya tatu na sekunde ishirini. Ukiwa na kaseti ya namna hiyo hubonyezi kamera ovyo. Baadaye picha zile zilirushwa kwenye skrini na kupigwa upya kwa kamera ya milimita 16, ndipo zikaweza kuunganishwa na nyingine na kutolewa nakala. Hali ya hatari ilipotangazwa India Juni 1975, nakala ya filamu hiyo ilikatwa vipande, ikasafirishwa nje ya nchi na kuunganishwa huko.

Kuhusu riziki: mtaji wake ni haki miliki. Filamu ni zake, hakuziuza kabisa kwa kituo cha televisheni wala kampuni. Kwa hiyo filamu ya mwaka 1985 kuhusu wakazi wa vibanda wa Bombay waliokuwa wakivunjiwa makao bado ni mali yake hata leo. Nakala zimekuwa zikinunuliwa na vyuo, maktaba, vyama vya wafanyakazi na watu binafsi, tangu enzi ya mkanda wa milimita 16, zikaja kaseti za video, kisha DVD. Kila filamu ilisaidia kulipia inayofuata. Gharama alizibana kwa kushika kamera na kuhariri mwenyewe, na kutembea na watu wachache sana, mara nyingi yeye na mnasa sauti basi.

Tuseme na upande wa pili, ili baba asituone tunakudanganya. Alitoka katika familia iliyosoma na yenye jina; ami zake Rau na Achyut walikuwa wapigania uhuru wanaojulikana. Mtu wa namna hiyo akianguka ana pa kuegemea. Wewe huna hakika hiyo, basi harusi na video za hoteli zikulishe, na filamu yako iende polepole pembeni.

Ila jambo moja usilifanye hata ukiwa na njaa: usitie saini mkataba unaosema umeuza "haki zote, kila mahali, milele". Kituo kikitaka filamu, kipe ruhusa ya kuirusha, mara mbili kwa mfano, kwa miaka mitatu, ndani ya Kenya tu, na isiwe ya pekee. Picha ghafi zibaki kwako. Andika hayo kwa maneno hayo hayo. Mwenye pesa akikataa hata kuyajadili, tayari umeshajua alikuwa anataka nini.

Nimempiga picha fundi wa jahazi siku tatu kwa simu. Picha nzuri, sauti upepo mtupu. Kuna programu ya kuufuta?
*Kijana wa Matondoni*

Programu zipo, lakini haziwezi kurudisha kisichokuwepo. Upepo ukipiga maiki kwa nguvu unajaza mkondo wa sauti hadi juu kabisa, na neno lililosemwa wakati huo limekatwa kichwa. Ukiangalia mchoro wa sauti utaona kilele kimekuwa bapa kama meza. Sehemu hizo zimekufa, ziache. Zile ambazo mngurumo uko chini na maneno yanasikika, kata sauti zote zilizo chini ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 80 hadi 100. Sehemu kubwa ya mngurumo wa upepo iko huko, na sauti ya mwanamume mzima haipotezi kitu cha maana.

Siku zako tatu hazijapotea. Rudi kwa fundi ukachukue sauti peke yake. Mketishe kivulini asimulie kazi yake hatua kwa hatua, kisha uipandishe simulizi hiyo juu ya picha ulizonazo. Halafu chukua sauti za kazi, moja moja, kwa karibu: nyundo ya kalafati ikigonga pamba kwenye mshono wa mbao, msumeno, keekee ikitoboa. Kalafati ndiyo itakayokusumbua, maana mlio wake ni mkali na wa ghafla. Weka kiwango cha sauti kwa kipimo cha nyundo, ifike desibeli 6 chini ya ukomo wa kinasa sauti, usikiguse tena. Mazungumzo yarekodi kivyake, kwenye desibeli 12 chini ya ukomo. Mtu anayejaribu kuvipata vyote viwili kwa mpigo mmoja huishia na nyundo iliyopasuka na fundi anayenong'ona.

Mwisho wa kila mahali, kabla hujafunga begi, nyamazisheni wote na urekodi sekunde 60 za mahali penyewe bila neno. Ndiyo kiraka utakachotumia kuziba mapengo ukihariri. Watu wengi huruka hatua hii kwa sababu inachosha kusimama kimya mbele ya mafundi wanaokutazama.

Mara nyingine fanya hivi. Maiki ya simu inafaa kwa sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni. Ukifika mita moja umeshapoteza. Nunua maiki ndogo ya kubana kifuani, ya waya, na kifuniko chake cha manyoya. Sponji nyeusi inayokuja na maiki haitoshi kwa kusi, hiyo ni ya ndani ya nyumba. Bana maiki kiasi cha shubiri moja chini ya kidevu. Kanzu ya pamba haina shida sana. Nguo ya nailoni husugua na kutoa mchakacho, hapo bandika maiki kwa utepe wa gundi nguo isiiguse. Ukimhoji mwanamke, mpe maiki mkononi, mwelekeze, na umwachie aivae mwenyewe au asaidiwe na mwanamke mwenzake.

Kama una simu mbili, moja ipige picha na ya pili ikae mfukoni mwa fundi ikirekodi sauti. Zote ziweke katika hali ya ndegeni, maana simu ikiingia rekodi hukatika na hutajua hadi jioni. Piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni na jingine mwishoni. La mwisho lina sababu: saa za vifaa viwili haziendi sawa, na baada ya nusu saa midomo inaweza kuanza kuachana na maneno. Pia simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu zenyewe kadiri mwanga unavyobadilika. Geuza faili kuwa fremu 25 thabiti kabla ya kuhariri, la sivyo utahangaika usiku kucha kutafuta kosa lisilo lako. Ndani ya nyumba yenye taa weka shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) sekunde 1 kwa 50, kwa kuwa umeme wetu ni hezi 50. Ukikosea, taa zitakuwa zinapepesa kwenye picha.

Na mahojiano marefu usiyafanye ufukweni. Yafanye asubuhi, kabla upepo haujachachamaa, au ingia ndani ya nyumba ya mawe. Chumba chenye zidaka ukutani, mikeka chini na godoro moja limesimamishwa nyuma ya kamera ni studio tosha.

Serikali ya kwao ilimzuia mara ngapi, na alifanyaje? Nina nia ya kutengeneza filamu ya wavuvi na bandari ya Lamu, nisije nikaingia matatani.
*Msomaji, Langoni, Lamu*

Mara nyingi kiasi kwamba mahakama ni sehemu ya kazi yake. Filamu yake kuhusu silaha za nyuklia, iliyoanza baada ya majaribio ya mabomu ya Mei 1998, ilikamilika mwaka 2002. Bodi ya vyeti vya filamu ya India ikataka sehemu kadhaa zikatwe. Alikataa kukata hata moja, akaenda Mahakama Kuu ya Bombay, na mwaka 2003 ikapita nzima. Kesi nyingine ilikuwa ndefu zaidi: filamu aliyoikamilisha katikati ya miaka ya 1990, kuhusu uanaume na ghasia za kidini, televisheni ya taifa Doordarshan ilikataa kuirusha, naye akafuatilia hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2006 iliamua irushwe. Zaidi ya miaka kumi kwa filamu moja!

Watu husikia habari hizi wakadhani silaha yake ni ukali. Silaha yake ni faili. Kila barua ya kukataliwa ilihifadhiwa, kila sababu iliyotolewa ilijibiwa, na hoja ilisimama juu ya katiba ya India, ibara ya 19, inayolinda uhuru wa kujieleza. Kumbuka pia kwamba anachoonyesha ni watu wakisema wenyewe mbele ya kamera. Ukimpa hakimu saa mbili za mhusika akijieleza, si rahisi mtu kudai umemsingizia.

Kwetu Kenya mlango ni huu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka leseni ya kupiga filamu kabla hujaanza, na cheti cha Bodi ya Uainishaji wa Filamu kabla hujaonyesha hadharani. Ni hatua mbili tofauti, na kosa la kawaida ni mtu kuwa na ya kwanza akadhani amemaliza. Ombi la leseni liwe na maelezo ya filamu, mahali na tarehe. Andika maelezo ya kweli yenye upana. Ukiandika "utalii Lamu" kisha ukaonekana unapiga picha gatini na mabango ya wavuvi, umejifunga mwenyewe. Ndani ya Ngome na majengo ya Makumbusho ya Taifa omba ruhusa ya maandishi kivyake. Droni usiiguse bila idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga. Lamu ina kambi za usalama, na hakuna afisa atakayesikiliza kwamba ulikuwa unatafuta picha ya machweo.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Si hisani: Ibara ya 47 ya Katiba inampa haki hiyo mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa ofisi ya umma. Ibara ya 33 inalinda uhuru wa kujieleza, lakini isome hadi kifungu cha pili, maana uchochezi na matamshi ya chuki havimo.

Kwa habari ya wavuvi una hazina ambayo wengine hawana. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari. Hukumu ni waraka wa umma. Isome yote kabla ya kuwasha kamera, uorodheshe kila dai lililothibitishwa, kisha mtafute mvuvi anayeweza kukuonyesha dai hilo kwa macho: mkondo aliokuwa akipita, mahali alipokuwa akitega, umbali anaokwenda sasa na mafuta anayotumia. Patwardhan naye, pamoja na Simantini Dhuru, walifuata hivyo watu wa bonde la Narmada waliokuwa wakihamishwa kwa ajili ya bwawa, filamu iliyotoka mwaka 1995. Walirudi na kurudi.

Nikimhoji bibi mzee wa Kibajuni nimlipe? Na nitamwandikishaje ikiwa hasomi?
*Mama wa miaka 52, Mkomani*

Kumlipa ili aseme, hapana, mama yetu, kwa sababu mtu anayelipwa kwa neno huanza kukupa neno unalolitaka. Fidia ya siku yake ndiyo: nauli ya mashua, chakula, na kama umemkosesha kazi ya siku, ujira wa siku hiyo. Sema kiasi mapema mbele ya mwanawe au mjukuu.

Ridhaa irekodi kwa kamera badala ya karatasi. Mweleze kwa lugha yake, si kwa Kiswahili cha redioni: filamu inahusu nini, itaonyeshwa wapi, kwamba ikishaingia mtandaoni haiwezi kuvutwa tena, na kwamba ana siku kumi na nne za kubadili mawazo. Kisha arudie yeye mwenyewe alivyoelewa. Akirudia vibaya, hajaridhia bado. Ukimhoji mtoto, mzazi au mlezi wake ndiye anayeridhia.

Katika ile filamu ya wakazi wa vibanda wa Bombay kuna mwanamke anamgeukia mpiga picha na kumshambulia: kuwapiga picha maskini kutawasaidia nini? Patwardhan hakukata. Alimwacha amseme mbele ya dunia nzima. Ukipata dakika kama hiyo, iache.

Tafsiri ya Kibajuni au Kiamu iwe mistari miwili tu chini ya picha, herufi zisizidi 40 kwa mstari, na isikae chini ya sekunde moja wala juu ya saba. Kiswahili kina maneno marefu, kwa hiyo utalazimika kufupisha. Punguza maneno ya kujazia, methali usiiguse.

Nimesoma kwamba filamu yake moja ilichukua miaka 14. Picha za miaka 14 zinakaaje bila kuoza, hasa kwa chumvi yetu hii?
*Mpiga picha za harusi, Shela*

Hiyo ni filamu ya mwaka 2011 kuhusu Madalit, watu wanaowekwa chini kabisa katika matabaka ya India. Ilianza Julai 1997, polisi walipoua watu 10 huko Ramabai Nagar, Mumbai, na mwimbaji Vilas Ghogre akajinyonga kwa uchungu. Patwardhan alikuwa amempiga picha Ghogre akiimba miaka ya 1980. Kama mkanda ule ungekuwa umetupwa au haujulikani uliko, filamu ya 2011 isingekuwa na roho yake.

Hesabu kwanza. Picha ya megabiti 50 kwa sekunde inakula gigabaiti 22.5 kwa saa. Saa mia moja ni terabaiti 2.25, na unahitaji nakala tatu: mbili nyumbani kwenye diski mbili tofauti, ya tatu nyumba nyingine kabisa, ikiwezekana nje ya kisiwa. Mji wa mawe na makuti unaujua ukishika moto. Usifute kadi hadi ufungue faili kwenye diski zote mbili na kuzicheza. Kuona jina la faili si kuona faili. Diski badilisha kila miaka mitano, hata kama bado inafanya kazi.

Daftari ni muhimu kama diski: tarehe, mahali, nani, lugha gani, amesema nini kwa mstari mmoja, namba ya faili. Andika jioni ileile.

Chumvi usiipulize kwa mdomo; ipulize kwa kipulizo cha mpira kabla hujapangusa, la sivyo chembe zake zitakwaruza lenzi. Pangusa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholowa maji baridi kidogo kisha kikavu. Kuvu la lenzi huota unyevu ukikaa juu ya asilimia 60 kwa muda mrefu, yaani huku kwetu karibu wakati wote. Tia vifaa kwenye kontena la plastiki lenye mpira mfunikoni, na gramu 100 za silika za kunyonya unyevu. Zikichoka zipike kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili. Mchele haufai, unyonyaji wake ni mdogo na vumbi lake ni jingi. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya mfuko uliofungwa nusu saa ipate joto, au lenzi itatoka jasho na utakosa arusi nzima.

Tunataka kuonyesha filamu Mkunguni kwa projekta. Shuka la kitanda linatosha?
*Kikundi cha vijana, Lamu*

Patwardhan na wenzake wameonyesha kazi zao mitaani na vibandani namna hiyohiyo, basi mko njia nzuri. Shuka halitoshi. Bafta pia ni nyepesi, mwanga unapenya na nusu ya picha inakwenda kwa waliokaa nyuma. Tumieni marekani nzito, mikunjo miwili, upana mita 3 na kimo mita 1.7. Ishoneeni upindo juu na chini, pitisheni boriti nyembamba, kamba nne kwenye pembe. Upepo ukiingia nguo inakuwa tanga, kwa hiyo ielekezeni ukuta uwe mgongoni mwake na acheni uwazi wa shubiri mbili chini upepo utokee.

Projekta ya lumeni (kipimo cha mwanga) 3,000 inatosha kwa upana huo, na nyingi zitahitaji mita 4 hadi 5 kutoka kwenye nguo. Zimeni taa ya karibu kwa makubaliano na wenye duka. Umeme: projekta wati 300, spika 100, kompyuta 65, jenereta ya kilowati 1 inabeba bila kulalamika. Iwekeni mita 30 mbali, nyuma ya kona ya jengo na upande upepo unakokwenda. Spika ziwe mbili, pembeni mwa nguo, kimo cha kichwa cha mtu aliyesimama, na si moja kubwa nyuma.

Anzeni saa mbili na robo usiku, watu wakishatoka msikitini kwa isha. Mkitia nyimbo za taarabu zisizo zenu katika filamu, au redio ikasikika nyuma kwenye mahojiano, mnahitaji ruhusa ya wenye haki kabla ya onyesho la hadhara; zimeni redio ya watu siku ya kupiga picha, ni bei rahisi zaidi. Na chukueni mtu wa kuwaweka punda mbali na kamba.